Kutoka Amani hadi Mazizini: mashine ikilia, mara nyingi ni taka

Amani watu wengi wanaijua kwa uwanja. Ulijengwa mwaka 1970 kwa msaada wa China, ukafanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa tena Desemba 2023, na siku za mechi kubwa hata bodaboda hupata taabu kupenya. Mimi nilikwenda kwa jambo jengine. Kwenye mitaa ya huko, masika yakimalizika, baadhi ya madimbwi hubaki siku nyingi. Watoto wakitoka skuli huingia humo na kamba yenye sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu. Wanaburuta, wanavuta, wanabandua misumari, vizibo na vipande vya bati. Vyuma chakavu vinauzwa kwa kilo, na mia tano ni mia tano.

Fundi mmoja wa redio wa mtaani hapo, mtu mzima mwenye wajukuu, naye anatafuta vyuma majini, ila kwa mashine. Aliletewa na ndugu yake kutoka Maskati. Ni fimbo yenye sahani ya plastiki chini na kijisanduku juu. Ndani ya sahani kuna waya uliozungushwa ambao hutoa nguvu ya sumaku, na kitu cha metali kikiwa karibu mashine hulia. Watu wakipoteza pete wakiogelea ndiyo humtafuta.

"Sumaku ya hawa watoto haishiki dhahabu, wala fedha, wala shaba," aliniambia. "Wao wanavua chuma tu. Mimi navua kila kitu, na hiyo ndiyo tabu yangu."

Jumapili moja ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa mbali, nilimfuata Mazizini. Kutoka Amani si safari ndefu. Tulikuta familia zimeshatandaza mikeka, watoto wanakimbizana na kaa. Kabla sijafika majini fundi aliniangalia miguu. "Binti yangu, ndala hizo zivue. Vaa hivi vya mpira." Alikuwa na jozi ya ziada kwenye kapu. Nikasema ahsante ami, nikavaa.

Tuliingia hadi magotini. Anatembea polepole kama mtu anayefagia, sahani ikigusa mchanga. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, kwa hiyo mashine huhangaika yenyewe na kulialia bila sababu mpaka aipunguze ukali. Ikilia kwa uhakika, anateremsha kopo kubwa la maziwa alilolitoboa matundu na kulifunga kwenye mpini mrefu, anachota, anatikisa, mchanga unatoka. Kilichobaki ni kizibo cha soda. Tena. Kizibo. Tena. Kipete cha kufungulia kopo la kinywaji. Msumari mrefu ambao mwenyewe alisema ni wa chombo cha mbao. Ndoana yenye kutu. Kizibo.

Nilimuuliza kwa nini asiiambie mashine iziache taka. Akacheka. Mashine yake ina sehemu ya kuchagua, lakini kipete cha kopo na pete nyembamba ya dhahabu hutoa sauti zinazofanana mno. Anayeruka taka ataruka na pete ya bibi harusi. Kwa hiyo huchimba zote. Na akishachimba harudishi, kwa sababu msumari uliotolewa na kuachwa juu ya mchanga una hatari kuliko uliokuwa umezikwa. Ana mfuko kiunoni, kila takataka inaingia humo. Kwa saa mbili mfuko ulijaa nusu. Pete hatukupata.

Mfuko ule ndio ulionirudisha Amani jioni, tukaumwaga barazani kwake juu ya gunia. Mimi ni mwandishi wa afya, kwa hiyo macho yangu yalikwenda kwenye vitu vitatu.

Msumari kwanza. Tumezoea kusema kutu inaleta pepopunda. Kutu yenyewe haileti. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na hupenda kidonda chembamba kinachoingia ndani, kisichopata hewa. Ndiyo maana tundu dogo la msumari ni baya kuliko mchubuko mkubwa wa goti. Kioshe kwa maji mengi safi na sabuni, usipake mafuta ya taa wala majivu, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo na kadi yake ya chanjo. Chanjo ya pentavalenti ya wiki ya 6, 10 na 14 humkinga mtoto na pepopunda, lakini kinga hupungua miaka ikipita. Kijana wa miaka kumi anayekanyaga madimbwini si yule mchanga wa kliniki. Muulize daktari kama anahitaji nyongeza.

Cha pili ni betri. Tulikuta mbili za rimoti, zimevimba, na moja ndogo ya duara kama kitufe. Hiyo ndogo ndiyo iliyonitisha. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani vibaya kwa muda wa saa mbili. Hapo usimtapishe, usingoje uone kama itatoka. Ni hospitali moja kwa moja.

Cha tatu hakuna mzazi barazani aliyekishangaa: chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi. Ni nzito, laini, inang'aa ukiikwaruza, na watoto wanaipenda. Wengine huing'ata. Wengine huiyeyusha kwenye kopo juu ya mkaa ili waitengeneze upya. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Vumbi lake huingia kwa mikono isiyooshwa, hukaa kwenye mifupa na kudhuru ubongo unaokua, na mtoto anaweza kuonekana mzima huku masomo yanamshinda. Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kopo juu ya mkaa si kiwanda, najua. Lakini liko uani, na anayelipuliza ni mtoto.

Baharini angalau hakuna kichocho. Konokono wake anataka maji baridi. Dimbwi la mtaani ni kesi nyengine, hasa mashimo ya vyoo yakifurika. Mama mmoja aliyekuwa akisikiliza alisema hawezi kumkataza mwanawe, maana senti za chakavu ndizo zinazonunua daftari. Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya viatu, sabuni kabla ya kula, na chubwi zisiingie ndani ya nyumba.

Fundi alitia chubwi na betri kwenye mikebe yake miwili yenye vifuniko na kuipandisha juu ya kabati. Vizibo na misumari akawapa watoto wakauze. Mmoja wao, wa miaka tisa hivi, akaomba aishike mashine japo kidogo.

"Nioneshe miguu kwanza," fundi akamwambia.