Kabla ya Mahari, Tuonyesheni Ukoo

Siku hizi mtu akipata mchumba anamchunguza kila kitu: kazi anafanya wapi, simu anaificha au haifichi, aliyemtangulia alikuwa nani. Ukoo tunawaachia wazee.

Na wazee wetu wakauliza. Sisi wote wawili asili yetu ni Bukoba, japo tumekulia Dar, na kwa Wahaya watu wa ukoo mmoja hawaoani. Kila ukoo una muziro wake, yaani kitu ambacho ni mwiko kwao kukila. Mshenga alipoleta barua ya posa, shangazi yangu mkubwa aliisoma, akavua miwani, akasema babu wa huyu kijana "alikuwa mtoto wa nyumbani kwetu". Basi, mambo yakasimama. Mahari hakuna, ukumbi hakuna, na mimi gauni nilishalipia nusu!

Mwenzangu ni mtu wa kompyuta, akasema hili tunalimaliza kwenye intaneti. Tukaingia FamilySearch, tovuti ya bure iliyofunguliwa mwaka 1999. Wiki mbili hatulali. Mtu wa London pale anampata babu wa babu yake, kwa sababu England na Wales serikali ilianza kuandikisha vizazi mwaka 1837. Sisi tuliambulia majina ya kufanana tu. Halafu mashine inatafuta jina la mwisho, na la kwetu linahama: la kwangu ni la baba, la baba ni la babu, la babu ni la baba yake. Utamkamata nani hapo?

Kilichotuokoa ni programu ya Gramps, nayo ya bure, unaiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe. Unajaza watu mmoja mmoja, na kwa kila mtu inataka kujua: wazazi wake ni nani? Kwetu mtu ana baba mkubwa, ana baba mdogo, wote ni "baba" na wote wanaweza kukuchapa. Tukampigia shangazi simu, jina baada ya jina. Kwa huyo babu akasema, "Baba yake ni babu yetu." Nikamuuliza, shangazi, ndiye aliyemzaa? Kimya. "Aliyemlea, mwanangu."

Lakini neno la simu lisingewatosha wazee. Wamisionari walifika Kashozi mwaka 1892, kwa hiyo vitabu vya kanisa vya kule ni vya siku nyingi. Baba mdogo anayeishi huko akaenda parokiani kwa babu yule. Kitabu cha ubatizo kinaandika mtoto, baba, mama na msimamizi, na baadaye ndoa yake huongezwa pembeni. Babu akapatikana: baba yake wa ukoo mwingine kabisa, mtu wa kwetu ni msimamizi tu. Kumbe alikuwa yatima.

Unadhani yaliishia hapo? Wazee walikaa Jumamosi nzima. Damu si moja, sawa, lakini mtu aliyekulia kwenu tangu utoto utamwita mgeni? Binafsi naona swali lao lilikuwa zito kuliko karatasi yetu. Mwishowe wakasema muziro unafuata baba aliyezaa, ndoa ruksa, ila upande wa mume uongeze mbuzi mmoja kwa ajili ya nyumba iliyomlea babu yao. Mwenzangu alipeleka wawili. Kwa furaha au kwa hofu, hajaniambia mpaka leo.

Kwenye Gramps tumemuunganisha babu na familia mbili, maana inakuruhusu kutaja mtoto wa kuzaa na mtoto wa kulelewa. Ukianza ya kwenu, walio hai usiwapandishe intaneti bila ruhusa yao. Kuna mjomba wetu ameomba mke wa pili asionekane mpaka amalize kuongea na yule wa kwanza. Programu ina alama ya kufuli kwa mambo ya namna hiyo, tukambonyezea.