Mbingu Juu ya Kihamba Chetu

Likizo ya Juni mwaka jana ilipofika, jirani zetu walifunga mizigo kwenda Tanga kuiona bahari. Sisi hatukuwa na nauli. Fedha zilikuwa zimekwenda kwenye karo na dawa za bibi. Tulibaki hapa Old Moshi, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, tukijiona kama tulioachwa nyuma.

Tena kulikuwa na jambo zito zaidi. Kijana wetu wa kwanza hakufaulu mtihani wa kidato cha nne, na tangu matokeo yalipotoka mwezi Januari alikuwa haongei. Alikula, akaosha sahani yake, akarudi chumbani. Tulimwombea. Mara nyingine, tukiri, tulimgombeza.

Jioni moja baba alimpa simu yake akasema, "Kila siku tupigie picha mbili za mbingu hapo langoni, moja jua likichomoza, nyingine likikaribia kuzama. Sisi tutaandika hali ya hewa kwenye daftari." Kijana aliipokea bila kujibu.

Siku za kwanza tulicheka. Nani asiyeijua mbingu ya kwao? Lakini picha zilitufumbua macho. Asubuhi nyingine Kibo kilikuwa wazi, cheupe, juu ya migomba. Kufika saa nne hakionekani tena. Jua linapopasha joto mteremko, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa huko juu na kuwa mawingu. Jioni mawingu hushuka na kilele hujitokeza tena, safari hii kikiwa na rangi ya embe bivu. Wakati huo mwanga wa jua hupita katika hewa nyingi kabla ya kutufikia. Rangi ya buluu hutawanyika njiani, na nyekundu na manjano hubaki.

Ikafuata wiki ya baridi na ukungu. Binti yetu mdogo alifunga daftari akasema, "Leo hakuna kitu." Bibi akamjibu kutoka jikoni, "Andika ukungu, mjukuu wangu. Nao ni kazi ya Mungu. Unafikiri msitu ule juu unanyweshwa na nani?"

Wiki ya tatu, manyunyu yalipokuwa yakikatika, tulisikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa miezi mingi. "Mama! Njooni! Njooni wote!" Tuliacha chungu motoni tukakimbia langoni. Jua lilikuwa magharibi, na upande wa mashariki upinde wa mvua ulikuwa umesimama kutoka bondeni hadi msituni. Tulikumbuka agano la Mungu na Nuhu. Kijana alipiga picha, akaitazama, akasema, "Haikutoka vizuri. Nitajaribu tena kesho."

Hatukumhubiria neno. Maharage yaliungua, tukala ugali na mboga za majani. Usiku ule alikaa nasi mezani, akatueleza jinsi alivyokuwa akiona haya kupita njiani mbele ya wenzake.

Tulipolala tulikumbuka Mathayo 16, Bwana Yesu alipowaambia Mafarisayo kwamba walijua kuutambua uso wa mbingu lakini hawakuweza kuzitambua ishara za nyakati. Maneno yale yalituchoma. Tulikuwa tumeandika kila wingu lililopita juu ya nyumba, lakini uso wa mtoto wetu hatukuusoma. Tulimwuliza habari za alama tu.

Akina mama wenzetu, kama mwaka huu hakuna nauli, msihuzunike. Chagueni mahali pamoja na saa ileile, ili mabadiliko yaonekane. Wekeni jani la mgomba au ukingo wa paa pembeni mwa picha, maana mbingu tupu haionyeshi ukubwa wake. Msielekeze kamera kwenye jua kali la mchana, na radi ikianza ingieni ndani, msijikinge chini ya mti. Andikeni tarehe. Na mkiwa mmesimama pale pamoja, tazameni pia nyuso zilizo kando yenu.

Januari mwaka huu kijana wetu alijiandikisha kuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni Novemba. Asubuhi hupiga picha yake kwanza, kisha hufungua vitabu. Matokeo tumeyaweka mikononi mwa Mungu. Daftari la pili tumeshalianza.