Diski Iliyogoma Kutoka

Leo nawaletea kisa cha kiufundi kidogo, lakini msikimbie, nitakieleza polepole.

Hapa Kabuchai, Bungoma, natunza seva ya chama kimoja cha wakulima karibu na soko la Chwele. Ndani yake kuna kompyuta pepe tatu, zinazoendeshwa na KVM, haipavaiza iliyoingia katika Linux mwaka 2007. Haipavaiza ni programu inayoigawa kompyuta moja ifanye kazi kama nyingi. Kila jioni diski ya akiba huunganishwa, rekodi za magunia ya mahindi hunakiliwa, kisha diski huondolewa bila kuzima chochote.

Basi siku nyingine diski inagoma kutoka! Mashine yote inaganda, na asubuhi mkulima aliyeleta mahindi hapati stakabadhi. Bila stakabadhi, hakuna malipo. Ndiyo maana sikuridhika na dawa ya kuzima na kuwasha.

Nikawasha lockdep, kikaguzi cha makufuli kilichoingia Linux mwaka 2006. Kikanielekeza kwenye draiva ya diski. Sehemu inayoondoa kifaa ilishika kufuli la orodha ya vifaa, ikasubiri kazi ya mwisho ya diski iishe. Kazi hiyo nayo, ili iishe, ilihitaji kufuli lilelile. Ni kama mwenye ghala aliyejifungia ndani akimsubiri kuli alete gunia la mwisho, na kuli yuko mlangoni anasubiri kufunguliwa. Watakesha! Siku nyingi kazi ilikuwa imeisha mapema, kwa hiyo hitilafu ilijificha.

Mwenzangu akasema, tuondoe kufuli kabisa. Hapana. Kazi ingeweza kugusa memori iliyokwisha kuachiliwa, data ikaharibika kimyakimya. Heri kuganda, angalau unaona.

Dawa ni mpangilio. Shika kufuli, toa kifaa kwenye orodha ili kazi mpya isianze, achilia kufuli. Hapo ndipo usubiri kazi ya mwisho, halafu uachilie memori. Nilihamisha mistari minne tu. Kisha nikaiacha mashine iunganishe na kuondoa diski usiku kucha. Haikugoma hata mara moja.

Mkiandika programu, kumbukeni hili: usimsubiri mtu huku umeshika kitu anachokihitaji ili amalize.

Haya, tuonane tena panapo majaliwa.