Shanta na Gunia

Kwa miaka saba niliuza viazi Kariakoo bila kujua mmea wa kiazi unafananaje. Mizigo ililetwa na malori kutoka milima ya Usambara, ikashushwa usiku, nami asubuhi nikawapimia wakaanga chipsi wa Posta, wale waliokuwa wakiwalisha makarani wa maofisini mchana. Nilikuwa mtoto wa mjini hasa. Mlima mrefu kuliko yote niliyowahi kuipanda ulikuwa ngazi za jengo moja la ghorofa pale Mtaa wa Samora, siku umeme ulipokatika.

Pale Posta nilikuwa nikiwaona vijana wa Kizungu na mashanta migongoni wakiuliza basi la Lushoto. Nikajisemea: hawa wanatoka Ulaya kwenda kuona viazi vyangu vinapoota, na mimi nimekaa! Basi Julai 1996 nilinunua shanta la mtumba Mtaa wa Kongo, na sweta moja, nikapanda basi Kisutu.

Mombo tuliiacha barabara kuu tukaanza kukwea, kilomita 33 za kona tupu, tukapita Soni hadi Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Kutoka hapo nilikwenda kwa miguu. Msitu wa Magamba ulinitisha kidogo, sifichi. Ukungu ulikuwa umeshuka hata nikawa naziona shina za mikulo lakini vilele sivioni. Mahali fulani juu kitu kikavuma, nikasimama nikidhani ni chui, kumbe ni mbega, tumbili mweusi mwenye manyoya meupe mabegani. Mtoto mmoja aliyebeba kuni alicheka mpaka akatua mzigo wake.

Siku ya pili nilipita Lukozi, gulio kubwa la mboga, nikaendelea kuelekea Rangwi. Jioni, mabondeni, baridi ilinishika vibaya. Nikabisha mlango wa kwanza niliouona moshi wake. "Onga mshi," nikasema, maana neno hilo nilikuwa nimejifunza njiani. Mzee aliyefungua alitabasamu, nadhani kwa matamshi yangu. Hakuniuliza nakwenda wapi wala nitakaa siku ngapi. Alisema, "Pita, mwanangu, moto uko huku."

Wasambaa husimulia kwamba Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wa watawala wa Kikilindi, alikuja kwao mgeni, mwindaji wa nguruwe mwitu kutoka Ngulu, akagawa nyama, nao wakampa utawala. Mimi nilileta pakiti mbili za majani ya chai. Nikapewa kitanda cha kijana wao, naye akalala jikoni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzee hakunipa, nililichukua mwenyewe. Shamba lilikuwa limeinama kama paa la nyumba. Tulichimba viazi tangu umande haujakauka, na kufika adhuhuri mgongo wangu ulikuwa umekwisha kabisa. Kisha wakaanza kujaza magunia. Gunia lilipofika mdomoni hawakushona. Wakaongeza viazi juu, wakazungusha kamba, wakaongeza tena, mpaka likavimba kilemba juu yake. Ilikuwa lumbesa. Nilikuwa naifahamu vizuri mno, kwani mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia wakala wangu asinunue gunia lisilo na kilemba. Bei ilikuwa kwa gunia, si kwa kilo. Kila kiazi cha pale juu kilikuwa cha bure kwangu.

Sikuwa nimesema kazi yangu. Nilisema natoka Dar es Salaam tu, basi.

Usiku ule, mama akimenya viazi karibu na moto, mzee aliniuliza: "Mwanangu, wewe wa mjini. Huko Kariakoo, gunia letu kama lile hutoa makopo mangapi ya sado?" Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Makopo arobaini, na pengine zaidi. Yule kijana niliyemnyang'anya kitanda alikuwa ameacha shule mwaka ule kwa kukosa ada, na alikuwa ananitazama.

"Kama ishirini na tano hivi," nikasema.

Mzee akatikisa kichwa taratibu, akasema afadhali, basi na wale wa mjini nao hawapati sana.

Asubuhi alinitilia viazi shantani mpaka zipu ikagoma. Nilipotoa fedha alikunja ngumi nisipate pa kuziweka. Nilivibeba hadi Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa mlima, na nyika ya Mkomazi imetandazwa chini. Watu husafiri mbali kuja kuitazama mandhari ile. Mimi nilikaa juu ya jiwe nikisugua mabega.

Nilipofika Kariakoo nilivipima. Sado tatu kasorobo. Sikuviuza, lakini biashara ya lumbesa niliendelea nayo miaka minne mingine, kwa bei ileile na kwa kilemba kilekile. Siku hizi sheria inakataza gunia kuzidi kilo 100. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, jamaa walinipigia simu kunipa pole, ingawa nilikuwa nimeacha kibanda zamani. Niliwashukuru. Nilikuwa nikilifikiria lile kopo, kama limeungua nalo, na kwamba Rangwi sijarudi.