Mabalozi Wanne wa Kidahwe

Mwanangu ana miaka minane na alikuwa hajui kumsalimia bibi yake kwa Kiha. Kosa letu wazazi. Tulipofika Kidahwe, pale njia panda ya Kasulu na Uvinza, mama mkwe akasema, "Mwakeye." Mtoto kimya, kajificha nyuma yangu. Mume wangu akatazama chini.

Bibi wala hakununa. Akajaza beseni maji: hili ndilo ziwa Tanganyika! Wajukuu wanne, nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo, Zambia. Dagaa wakavu kwenye ungo. Anayetaka fungu lake asalimie kwanza, aombe, wenzake wakubali. Wangu akawa balozi wa Burundi, akafundishwa "Bwakeye" (Kiha na Kirundi ni ndugu wa damu). Kongo akagoma, eti dagaa wote wake! Vicheko, mabishano, maji yakamwagika. Mwishowe wakagawana.

Mwaka 2003 wakubwa wa nchi hizo hizo walitia saini Dar mkataba wa kulitunza ziwa hili. Sidhani kama walicheka hivyo.

Kesho yake alfajiri, kabla hajanawa uso, nikamsikia uani: "Mwakeye, bibi." Baba yake akaweka kikombe cha chai chini, akasikiliza.