Mnyama wa Bondeni Isevya

Masika yale nayakumbuka kwa sababu ya treni. Nduli Idi Amin alikuwa amevamia Kagera Oktoba 1978, na stesheni ya Tabora, ambako reli ya Kigoma na ya Mwanza zinaachana, haikulala tena. Baba alikuwa mtu wa reli. Nyumbani Isevya tulimwona akija kubadili nguo na kurudi zamu. Watoto tulishinda kando ya reli tukiwapungia mikono askari. Mji mzima ulikuwa roho juu, na mnyama asiyejulikana akitokea wakati kama huo, usitegemee watu wamtazame kwa utulivu. Jirani yetu mmoja alisema, wala hakuwa anatania, kwamba Amin ndiye aliyemtuma.

Nyuma ya nyumba za mwisho za upande wetu kulikuwa na mbuga. Kiangazi ni udongo mweusi uliopasukapasuka. Mvua zikishika panakuwa maji na majani yanayompita mtu kimo, na akina mama wanaingia kulima majaruba ya mpunga. Panya nao wanaingia. Huyo mnyama alionekana huko, jioni.

Wa kwanza kumwona alikuwa mzee aliyefuga mbuzi. Alikuwa amekwenda kuwafungua, akarudi mbio bila kamba wala fimbo. Chui, alisema. Wa pili alikuwa mama aliyeuza mayai, na ambaye kuku wake walikuwa wakipotea. Yeye akasema ni kanu, tena mkubwa kuliko kanu wote aliowahi kuwaona. Wa tatu alikuwa askari mstaafu wa KAR aliyepigana Burma, mtu wa kuheshimiwa, na yeye akatangaza kwamba ni duma, kwa kuwa alikuwa mwembamba, mrefu wa miguu na mwenye madoa. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Nilivyowasikiliza, mwenye mbuzi alimwona mnyama anayekula mbuzi, mwenye kuku akamwona anayekula kuku. Mstaafu hakufuga kitu, na nadhani ndiyo maana alikaribia ukweli kuliko wenzake.

Balozi wa nyumba kumi akaitisha kikao chini ya mwembe. Tabora mambo yote huamuliwa chini ya mwembe; wazee husema miti ile ilitokana na kokwa za watu wa misafara waliokuwa wakipita hapa kati ya Bagamoyo na Ujiji, na sijapata sababu ya kuwabishia. Kijana mmoja wa mgambo alikuja na gobore la babu yake, limepakwa mafuta tayari. Balozi akamwambia aliweke chini. Kulikuwa na sheria ya wanyamapori ya 1974, na bila kibali cha Bwana Nyama mtu angeweza kufungwa kwa ajili ya mnyama ambaye hata jina lake halijakubaliwa.

Kikao kilikuwa kinaelekea kuvunjika kwa kelele ndipo akafika mzee mrina asali. Huyu alikuwa akitundika mizinga yake ya magome mbali sana, kwenye miombo ya kuelekea Ugalla, upande ule ambao tangu 2019 una Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Kiangazi kizima alikaa porini. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi, akawaacha wote watatu waseme tena tangu mwanzo.

Kisha akauliza, "Mkia ulifika wapi?"

Hakuna aliyejibu.

"Madoa kila mtu anayaona," akasema. "Chui ana madoa. Duma ana madoa. Kanu ana madoa, fungo ana madoa, hata fisi ana madoa. Mimi nauliza mkia."

Aliyejibu alikuwa bibi yangu, mama yake baba. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, kwa sababu macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho na sote tulijua haoni. Alikuwa na kawaida ya kukaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba jioni, uso ameuelekeza kwenye jua linalozama.

"Rangi yake siijui," bibi akasema. "Nililiona umbo tu, limepita kwenye mwanga. Miguu mirefu sana. Kichwa kidogo, na masikio kama ya punda. Mkia nilidhani umekatwa."

"Mondo huyo, Bi Mkubwa," mrina akasema.

Nimelifikiria sana jambo hili. Sisi wenye macho tulimezwa na madoa, na madoa ndiyo yanayowachanganya watu. Bibi alibakiwa na umbo peke yake, na umbo halidanganyi. Mondo mkubwa hufika kama sentimita 60 begani, uzito kati ya kilo 9 na 18, na mkia wake ni mfupi, kama theluthi moja ya mwili. Kanu ni kinyume chake: miguu mifupi na mkia mrefu wenye pete. Chui na duma, kila mmoja ana mkia mrefu. Fungo si jamii ya paka hata kidogo. Ana manyoya yanayosimama mgongoni na weusi machoni kama aliyevaa barakoa. Anayebaki ni simbamangu, naye mkia wake ni mfupi, lakini ni mwekundu mtupu asiye na madoa, na ncha za masikio yake zina vishungi vyeusi.

Mwenye mbuzi hakukubali. Basi ni mtoto wa chui, akasema. Mrina akamjibu kwamba mtoto wa chui huzaliwa na miguu mifupi, halafu akaongeza, bila kufikiri watu wataichukuliaje, "Na kama ni mtoto, mama yake yuko wapi?" Usiku huo Isevya walilala mapema.

Asubuhi tulimfuata mrina majarubani, watoto na watu wazima. Kwenye tuta kati ya majaruba mawili matope yalikuwa yameshika nyayo safi kabisa. Vidole vinne, hakuna alama ya kucha. Mbwa na mbweha huacha kucha, akatuonyesha kwa kijiti; fungo pia; hata duma, kwa kuwa kucha zake hazirudi zote ndani. Huyu alikuwa amezificha. Akaniambia niweke kiganja changu juu ya wayo mmoja, nao ukapotea wote chini yake. Wa chui mzima usingefunikwa na kiganja cha mtoto.

Siku chache baadaye alituchukua, watoto watatu, akatupandisha kwenye kichuguu kabla ya magharibi na kutukataza hata kukohoa. Mondo alitoka kwenye majani bila sauti, akasimama. Alisimama muda mrefu hadi miguu yangu ikafa ganzi. Macho aliyafumba nusu. Masikio ndiyo yaliyokuwa yakifanya kazi, moja linageukia huku, jingine kule, na kwa nyuma tuliona yalivyo meusi yenye baka jeupe. Kisha akaruka. Sikutegemea aruke juu. Alipaa kuliko kimo cha mtu, miguu yote minne hewani, akashukia mahali ambapo sisi hatukuona chochote, na alipoinua kichwa alikuwa na panya mdomoni. Akamtafuna hapohapo, akahama hatua chache, akasimama tena kusikiliza.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba watafiti walihesabu marukio ya mondo Ngorongoro na kuona kuwa karibu nusu yanafanikiwa. Simba hana bahati hiyo. Wakati ule sikuhitaji hesabu: akina mama walisema wenyewe kwamba panya wamepungua kwenye mpunga, na maneno hayo yalimlinda yule mnyama kuliko sheria ya balozi. Kuku waliendelea kupotea hadi aliponaswa kanu kwenye banda, mkia wake wa pete na yote. Kwa hiyo mama wa mayai alikuwa anamjua mwizi wake vizuri, ila alimtaja alipomwona mwingine.

Mpunga ulipovunwa, mondo hakuonekana tena. Mrina alirudi kwenye mizinga yake. Kampala ilianguka Aprili 1979 na watu wakapata mambo mengine ya kuzungumza.

Mwenye mbuzi alikufa akisema ni chui. Juzijuzi kwenye harusi nilikaa meza moja na mjukuu wake, mtu wa makamo sasa, akawa anawasimulia vijana habari za chui aliyeingia Isevya mwaka wa vita vya Kagera, na jinsi babu yake alivyomfukuza peke yake kwa fimbo. Aliponiona namwangalia akaniuliza, "Si ulikuwepo, kaka? Waambie hawa."

Nikawaambia fimbo aliiacha bondeni. Wakacheka, wakamgeukia mwenzao aendelee.