Mtu Mmoja, Vyombo Vitano

Kambini tumezoea kuhesabiwa. Kadi ya familia ina idadi ya vichwa, na kinachokuja, kiwe mahindi au pesa, kinakuja kwa idadi hiyo. Mimi nimekulia Kyaka II, foleni hiyo naijua vizuri. Ndiyo maana naona aibu kueleza jinsi nilivyomhesabu mtu mmoja vibaya, tena kwenye sherehe ya kwetu wenyewe.

Siku hizi nafanya kazi na vijana Jinja, na mara moja kwa mwezi nakwenda Mbale. Wengine ni wakimbizi waliotoka kambini kutafuta maisha mjini, wengine ni wenyeji, Wasoga na Wagisu. Mwaka juzi tuliamua kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, pale Jinja, halafu kesho yake tufanye hivyo hivyo Mbale. Kwenye bajeti kulikuwa na mstari mmoja tu: burudani, siku mbili, shilingi 500,000. Nikaambiwa nijipange.

Nilizunguka kuulizia. Bendi ya watu sita walitaka 1,800,000 na gari la kuwabeba. Dijei alitaka 400,000 kwa siku, jenereta juu yangu. Nilikuwa karibu kukata tamaa, ndipo binti mmoja wa kikundi chetu cha ushonaji akasema, "Kuna papa mmoja wa Kongo anapigaga kule Walukuba. Yuko peke yake, lakini ukifumba macho utasema ni watu wanne."

Tukaenda kumwona. Anaishi chumba kimoja, vyombo vinakula nusu ya chumba. Alituvalia vyote pale uani tuone. Mgongoni ngoma kubwa, na kijiti chake kimefungwa kamba inayoshuka mpaka kisigino cha kushoto, kwa hiyo kila akikanyaga ngoma inalia. Juu ya ngoma kuna matoazi, kamba yake inakwenda kisigino cha kulia. Magotini njuga. Shingoni waya umeshika kinanda cha mdomo. Mbele gitaa. Alipoanza, watoto wa jirani walifika kabla hajamaliza wimbo wa kwanza.

Basi tukaingia kwenye bei. Akasema 350,000 kwa siku. Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Lakini Papa, si uko peke yako?"

Akavua ngoma taratibu, akaketi. "Mtoto yangu, ukichukua watu watano utalipa watano. Miye nimejifunza kazi ya wote watano. Sasa unanikata pesa sababu nimezijua zote?"

Sikuwa na jibu, kwa hiyo nikatoa lile neno ambalo sisi wote tunalijua. Nikasema, "Papa, hii ni siku yetu wakimbizi. Ni ya kwetu. Jitolee kidogo." Alinitazama muda mrefu. Mwisho tukakubaliana 200,000 kwa siku. Aliomba 100,000 ya advansi, nikampa 50,000. Niliporudi ofisini nilisifiwa kwa kubana matumizi, na mimi nikafurahi.

Hapa niseme kitu kwa wale wanaodhani mtu mmoja na chombo chake ni burudani ya umaskini, ya wale walioshindwa kupata bendi. Hapa Uganda kuna muziki mzima unaoitwa kadongo kamu, maana yake kwa Kiganda ni kagitaa kamoja. Mtu anasimama na gitaa lake anasimulia mambo ya ndoa, ya kifo, ya mjini, na watu wanasikiliza mpaka mwisho kama wanasikiliza kesi. Paul Kafeero, aliyefariki mwaka 2007, bado utamsikia kwenye redio na kwenye taksi. Na kwetu Kongo tulikuwa na Jean Bosco Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Kidole gumba kilipiga nyuzi nene, kidole cha pili kikapiga nyembamba, na aliyesikia bila kuona alidhani ni magitaa mawili. Alikuwa akiimba kwa Kiswahili, na wapiga gitaa wa Kenya walijifunza kwake. Huyu papa wa Walukuba aliniambia baba yake alikuwa na sahani za Mwenda nyumbani Uvira, na kwamba yeye alianza na gitaa tu. Ngoma ya mgongoni aliiongeza alipofika ukimbizini, kwa sababu wale aliokuwa akipiga nao, mmoja alibaki njiani, mwingine alipelekwa Kanada, mwingine hajui aliko. "Nilianza kuzipiga sehemu zao," alisema. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini ameongeza chumba.

Siku ya Jinja ilifika. Nilikuwa nimempanga kwenye ratiba kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi. Hilo lilikuwa kosa langu la pili. Bendi ya watu sita, mmoja akienda chooni watano wanaendelea. Papa akienda chooni, bendi nzima imekwenda chooni. Baada ya kama dakika arobaini niliona jasho limelowanisha mkanda wa ngoma, na mguu wa kushoto anaukanyaga kwa shida. Mama mmoja wa Kisudani Kusini ndiye aliyemletea kiti na maji. Mimi nilikuwa nashughulikia wageni.

Lakini saa nane umeme ukakatika. Spika tulizoazima kanisani zikanyamaza, mgeni rasmi akiwa katikati ya hotuba. Watu wakaanza kuinuka. Papa akavaa ngoma yake, akaingia katikati yao anatembea. Si unaelewa, chombo chake kinapigwa kwa kutembea, hakihitaji waya. Akapita mstari kwa mstari, wamama wakaanza kumfuata, watoto nyuma yao, na mgeni rasmi naye akaacha karatasi akaja kucheza. Tulipopata umeme tena, hakuna aliyekumbuka hotuba.

Asubuhi yake tukapanda taksi kwenda Mbale, ile barabara ya Iganga na Tirinyi. Kondakta alipoiona ngoma akasema inachukua nafasi ya mtu, lazima ilipe kiti. Nikabishana naye, akakataa kabisa. Papa akacheka mpaka akashika tumbo. "Umeona? Huyu kijana anajua hesabu kukushinda." Nikalipa. Njia nzima nilikaa kimya. Ngoma niliyoihesabu kuwa si kitu wakati wa kupanga bei, kondakta alikuwa ameihesabu kuwa abiria kamili.

Mbale nilikuwa na hofu. Mbale ni mji wa kadodi. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, tohara ya imbalu inafunguliwa pale Mutoto mwezi wa nane, na ngoma za kadodi zinapita barabarani watu wanazifuata siku nzima. Utamletea Mgisu mzee mmoja mwenye ngoma mgongoni? Na kweli, vijana walianza kwa kumcheka. Mmoja akauliza wenzake wako wapi. Papa hakukasirika. Akamwita yule yule aliyeuliza, akamwambia, "Chukua hilo dumu, nipigie kadodi ya kwenu, polepole." Kijana akapiga kwenye dumu tupu la maji. Papa akasikiliza, akatafuta kwa kisigino, akakosea, watu wakacheka, akarudia, akapata. Halafu akaweka gitaa la Kikongo juu yake. Mvua ilishuka kutoka Wanale, tukabanana wote chini ya mabati, na hapo ndipo sherehe ilikolea. Wenyeji na wakimbizi, hakuna aliyekuwa anajua nani ni nani. Nimehudhuria semina nyingi za kuishi pamoja kwa amani. Ile ya chini ya mabati haikuwa na cheti wala posho.

Sasa nieleze sehemu ambayo sikutaka kuiandika.

Tulikuwa tunadaiwa 350,000. Pesa ya burudani ilikuwa bado kwa wafadhili wetu, na ili itoke walitaka nukuu tatu za bei, risiti yenye muhuri, na namba ya mlipa kodi. Papa hana muhuri. Nukuu tatu za bei za nini, wakati hakuna mwingine kama yeye? Jioni ile Mbale nilimpa 100,000 kutoka mfukoni mwangu, nikamwambia zilizobaki wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa wiki saba. Alinipigia simu mara nne. Mara ya tano niliona jina lake nikaacha simu ilie. Nimeandika hilo kwa sababu ni kweli.

Zilipotoka zile 250,000 nilizipeleka mwenyewe Walukuba. Chumba kilionekana kikubwa. Nikauliza, "Papa, ngoma iko wapi?"

"Ngoma imelipa kodi ya nyumba," akasema. Alikuwa ameiuza kwa bei ambayo naona haya kuitaja. Akanikaribisha chai. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali anigombeze.

Hapa Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Tunajivunia hilo, na nchi nyingi hazina. Lakini kazi ni pamoja na malipo. Sisi wenyewe tukimwambia msanii wetu "jitolee, ni ya kwetu", tunafanya nini? Mwenye turubai hatumwambii ajitolee. Mwenye viti pia. Anaambiwa ajitolee yule ambaye kazi yake haionekani ikikaa stoo.

Kwa wenzangu mnaopanga sherehe kambini, nawapa niliyojifunza kwa gharama ya ngoma ya mtu. Mtu mmoja wa vyombo vingi anafaa sana pale pasipo na umeme, pale watu wamesambaa, na pale hamjui nani anaongea lugha gani. Msimpange zaidi ya dakika arobaini mfululizo, wekeni mashairi au michezo katikati apumzike. Mtafutieni kiti, maji, na chakula kabla ya wageni. Mzigo wake ulipiwe nauli. Mpeni nusu ya pesa kabla, na nusu nyingine mkononi kabla hajafunga vyombo. Mwandike karatasi moja, hata ya daftari, wote mtie sahihi.

Na kwenu ndugu wa mashirika mnaosoma jarida hili, naomba kitu kidogo tu. Wekeni njia ya kumlipa mtu asiye na muhuri, kwa pesa ya simu, siku ile ile, na sahihi yake iwe ndiyo risiti. Pesa yenyewe mlikuwa mmeshaikubali. Iliyomuumiza ni zile wiki saba.

Mwezi wa pili mwaka huu tulimwita tena Jinja, kwa 350,000 aliyoitaka mwanzo. Vijana wa ufundi walimtengenezea ngoma nyingine kutokana na pipa la plastiki na ngozi ya mbuzi. Anasema sauti yake si kama ya ile ya zamani, inakohoa kidogo, lakini ni nyepesi mgongoni. Fomu yetu ya bajeti bado ina safu ya idadi ya watu. Nimeandika moja. Pembeni yake nikaandika kwa kalamu: ngoma, matoazi, njuga, kinanda cha mdomo, gitaa. Mhasibu akauliza hiyo ni nini. Nikamwambia ndiyo hesabu yenyewe.